Teleka mdogo na teleka kiuno-cheupe: namna ya kuwatofautisha angani

Katika sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Sahara, mtu akiinua macho na kuona ndege weusi wenye mabawa marefu membamba wakizunguka kwa kasi, kila mmoja akiwa na baka jeupe juu ya kiuno na jingine kooni, huwa ana spishi mbili za kupima kabla hajaandika jina lolote. Ya kwanza ni teleka mdogo, ambaye wataalamu humwita Apus affinis, na ya pili ni teleka kiuno-cheupe, ambaye ni Apus caffer. Wote wawili wana kiuno cheupe na koo jeupe, wote hula wadudu wanaoruka, na mara nyingi huchanganyika katika kundi moja, hasa kumbikumbi wanapotoka ardhini baada ya mvua. Weupe wa kiuno ndio unaovuta jicho kwanza, na kwa sababu hiyo watazamaji wengi huanza nao. Nashauri kinyume chake: uamuzi uanzie mkiani, uende kiunoni, na mengine yote yatumike kama ushahidi wa kuunga mkono au kutilia shaka kile ambacho mkia umeshasema.

Kabla ya hapo ni lazima kuhakikisha kwamba anayetazamwa ni teleka kweli, wala si mbayuwayu. Mbayuwayu hutua juu ya nyaya na matawi makavu. Teleka hafanyi hivyo kamwe, kwa kuwa miguu yake ni mifupi mno na kucha zake zimeumbwa kwa kushikilia ukuta, mwamba au mdomo wa kiota. Mbayuwayu mmoja anayeweza kuleta mkanganyiko ni Delichon urbicum, ambaye huja Afrika wakati wa baridi ya kaskazini na ambaye pia ana kiuno cheupe, lakini yeye ni mweupe tangu koo hadi chini ya mkia, ilhali teleka hawa wawili wana kifua na tumbo jeusi. Kifua kikiwa cheupe, ulinganisho huu haumhusu ndege huyo.

Mkia

Mkia wa teleka mdogo ni mfupi, na mwisho wake umenyooka. Anapoukunja, huonekana kama kipande kifupi butu nyuma ya mwili, na anapoutanua ili kugeuka au kupunguza mwendo, ukingo wake huwa wa mviringo kidogo na manyoya yake hupitisha mwanga, kiasi kwamba mkia huonekana wa kijivu dhidi ya anga. Hakuna namna ya kuutanua itakayoufanya uwe na panda ya kina. Wakati mwingine, ukiwa umetanuliwa nusu tu, huonekana kana kwamba una kijibonde katikati, na kijibonde hicho ndicho chanzo cha ripoti kadhaa zisizo sahihi. Lakini ndege akitazamwa kwa sekunde chache zaidi, hutoweka.

Mkia wa teleka kiuno-cheupe ni mrefu na una panda ya kina. Ugumu ni kwamba ndege huyu hupenda kuufumba. Anaporuka moja kwa moja, manyoya ya pembeni hulala pamoja na mkia wote huonekana kama ncha moja ndefu iliyochongoka, bila dalili yoyote ya panda. Mtu aliyesoma tu kwamba ana mkia wenye panda, kisha akatazama na asiione, atakimbilia kusema ni teleka mdogo, na atakuwa amekosea kabisa, kwa sababu ncha iliyochongoka ni alama ya teleka kiuno-cheupe sawa na panda yenyewe. Kwa hiyo swali la kujiuliza si kama mkia una panda, bali kama mwisho wake ni butu au umechongoka. Ukiwa butu, ni teleka mdogo. Ukiwa umechongoka, subiri ndege ageuke: katika kona kali huufungua kwa muda mfupi sana, na hapo umbo la herufi V hujitokeza waziwazi.

Tahadhari moja inahitajika. Chipukizi wa teleka kiuno-cheupe huwa na panda fupi kuliko ya wazazi wao, na ndege wazima wanaobadilisha manyoya wanaweza kuwa wamepoteza manyoya marefu ya pembeni kwa muda. Ndege kama hao huonekana kuwa na mkia wa wastani, usio butu wala usiochongoka sana, na hapo ndipo kiuno kinapohitajika.

Kiuno

Tofauti ya viuno haiko katika rangi, bali katika upana na mahali ambapo weupe unaishia. Kwa teleka mdogo, baka jeupe ni pana, karibu la mraba, nalo hushuka pande zote mbili hadi kwenye mbavu za nyuma. Matokeo yake ni kwamba huonekana si kutoka juu tu, bali pia kutoka ubavuni, na hata kutoka chini mtazamaji anaweza kuona weupe ukichungulia kila upande wa chanzo cha mkia. Kwa teleka kiuno-cheupe, baka ni jembamba na limepinda mfano wa hilali, nalo hubaki juu ya kiuno bila kuzunguka mbavu. Akipita juu kabisa ya kichwa cha mtazamaji, weupe huo hauonekani kabisa, na ndege mzima huwa mweusi isipokuwa kooni.

Kutokana na hayo hupatikana kanuni yenye manufaa makubwa kwa anayetazama kutoka chini, yaani karibu kila mtu: weupe wa kiuno ukionekana kwa urahisi wakati ndege yuko juu yako, uwezekano mkubwa ni teleka mdogo. Kanuni hii haifanyi kazi kwa nguvu ileile upande wa pili, kwa kuwa teleka mdogo aliye mbali dhidi ya anga angavu naye huonekana mweusi mtupu. Mwanga mkali huwadhulumu ndege hawa wote wawili. Mahali pazuri zaidi pa kulinganisha viuno ni pale ambapo mtazamaji yuko juu kuliko ndege, kama vile ukingoni mwa genge, kwenye daraja refu au kwenye ghorofa za juu za jengo, au pale ambapo ndege wanapita mbele ya mlima, miti au wingu zito la mvua. Mandhari ya giza huonyesha mpaka wa weupe na weusi kwa usahihi ambao anga jeupe haliwezi kuutoa.

Anayetumia kamera ajihadhari na picha iliyoongezewa mwanga. Weupe unapozidi mwangaza katika picha, huvuja kuelekea pembeni, na hilali nyembamba ya teleka kiuno-cheupe hugeuka kuwa baka pana. Picha kadhaa za mfululizo za ndege mmoja, hasa zinazoonyesha mkia katika hali tofauti, zina thamani kubwa kuliko picha moja nzuri ya kiuno.

Umbo, mwendo na sauti

Kwa vipimo, teleka mdogo ana urefu wa takriban sentimita 12 hadi 14, na teleka kiuno-cheupe takriban sentimita 14 hadi 16. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo ni mkia, wala si mwili. Uzito wao hukaribiana sana, kwa kawaida kati ya gramu 20 na 30. Kwa hiyo neno “mdogo” halisaidii chochote ndege akiwa peke yake angani. Kinachosaidia ni uwiano wa sehemu za mwili. Teleka mdogo huonekana mfupi na mnene, mabawa yake yakiwa na upana fulani karibu na mwili. Teleka kiuno-cheupe huonekana mwembamba tangu kichwa hadi mkia, na mabawa yake pia ni membamba zaidi.

Mwendo wao huendana na maumbo hayo. Teleka mdogo hupigapiga mabawa kwa haraka, kisha huelea kidogo, kisha hupigapiga tena, na kwa jumla mwendo wake ni wa papara. Teleka kiuno-cheupe huelea kwa muda mrefu zaidi na hugeuka kwa madaha. Mtazamaji mzoefu anaweza kuutambua mwendo huu kwa mbali na akawa sahihi mara nyingi, lakini sishauri uandikwe kama sababu pekee ya uamuzi, kwa kuwa upepo, mvua inayokaribia na wingi wa wadudu hubadilisha namna kila teleka anavyoruka.

Alama nyingine ni ndogo, lakini ikionekana hukata shauri: teleka kiuno-cheupe ana mstari mwembamba mweupe kwenye ukingo wa nyuma wa bawa, karibu na mwili. Unahitaji darubini nzuri na ndege aliye karibu ili kuuona. Kukosa kuuona hakuthibitishi lolote.

Kuhusu sauti, teleka mdogo ndiye mwenye makelele. Kundi lake hutoa mlio mwembamba wa juu, wa haraka na wenye kutetemeka, na jioni kabla ya kulala ndege wengi hukusanyika pamoja, wakazunguka juu ya makazi yao kwa kasi huku wakipiga kelele kwa pamoja. Teleka kiuno-cheupe ni mkimya kwa kulinganisha. Mlio wake ni wa chini zaidi na mzito, na husikika hasa karibu na kiota. Kundi kubwa lenye kelele nyingi juu ya jengo kwa hiyo ni karibu kila mara la teleka wadogo, ingawa hilo halizuii teleka kiuno-cheupe mmoja au wawili kuwamo ndani yake.

Viota

Hapa ndipo spishi hizi zinapoachana kabisa katika maisha yao, na kwa anayeweza kufuatilia ndege hadi kwenye kiota, jibu hupatikana bila haja ya kuwapima mikia.

Teleka mdogo hujenga mwenyewe, na hujenga kwa ujirani. Hukusanya manyoya na vipande vya majani makavu hewani, huvigandisha kwa mate yake, na kuvibandika chini ya paa, chini ya daraja, kwenye pembe ya ukuta mrefu au kwenye mwamba unaoning'inia. Viota hubanana hata kuwa bonge moja lisilo na mpangilio, ambalo mpaka kati ya kiota na kiota ni vigumu kuutambua, na koloni moja linaweza kuwa na viota makumi kadhaa. Viota hivyo hutumika pia kama mahali pa kulala nje ya msimu wa kuzaa, na ndiyo sababu teleka wadogo huonekana kwenye jengo lilelile mwaka mzima. Kuenea kwa majengo marefu na madaraja ya saruji kumewapa nafasi nyingi kuliko zile walizokuwa nazo walipotegemea magenge peke yake, na leo ni ndege wa mjini kama alivyo ndege wa milimani.

Teleka kiuno-cheupe kwa kawaida hajengi, huteka. Anachokipenda zaidi ni kiota cha udongo cha mbayuwayu wa jenasi Cecropis, kama vile mbayuwayu wenye mistari kifuani na mbayuwayu kiuno-chekundu, ambao hujenga chumba kilichofungwa chenye njia ndefu ya kuingilia, mfano wa kibuyu chenye shingo kilichobandikwa chini ya dari, daraja au mfereji unaopita chini ya barabara. Wakati mwingine teleka huchukua kiota kilichoachwa, na wakati mwingine huwafukuza wenyewe wangali wanakitumia, hata baada ya kutaga. Akishaingia hukitandika manyoya yaliyogandishwa kwa mate, na manyoya hayo mara nyingi hutokeza nje ya mlango. Kiota cha udongo chenye shingo ambacho mlangoni mwake yamechomoza manyoya ni ishara nzuri ya kusubiri mahali hapo, kwani mwenye nyumba huenda si mbayuwayu tena. Huishi jozi moja moja, au jozi chache zilizotawanyika kulingana na viota vilivyopo, na hata siku moja hutakuta bonge la viota vyake.

Yapo mambo mawili ya kupunguza uhakika huu. Teleka mdogo naye mara nyingine huteka viota vya udongo vya mbayuwayu, na teleka kiuno-cheupe huweza kutumia ufa wa mwamba au tundu la ukuta pale ambapo mbayuwayu hawapo. Hata hivyo, ukikuta teleka anaingia kwenye shingo ya kiota cha udongo kilicho peke yake, anza na dhana kwamba ni kiuno-cheupe, kisha uthibitishe kwa mkia wakati anapotoka.

Mahali na msimu

Ramani husaidia zaidi kuliko inavyodhaniwa. Teleka mdogo ameenea katika Afrika, Mashariki ya Kati na hadi Bara Hindi. Teleka kiuno-cheupe kimsingi ni ndege wa Afrika. Mtazamaji aliye India hana haja ya ulinganisho huu, ila atalazimika kumtenga Apus nipalensis, teleka wa Asia ya mashariki ambaye zamani alihesabiwa kuwa spishi moja na teleka mdogo, naye mkia wake una kijibonde kidogo. Afrika Kusini, teleka kiuno-cheupe ni mgeni wa kuzaa anayefika kuanzia Agosti na kuondoka kufikia Mei, hivyo ndege mwenye kiuno cheupe anayeonekana huko mwezi Juni au Julai achunguzwe kwa ukali zaidi kabla ya kupewa jina hilo. Karibu na ikweta msimu hausaidii, kwa sababu wote wawili wapo mwaka mzima.

Kaskazini mwa Sahara wote wawili hupatikana Moroko, na wote wamevuka bahari kuingia kusini mwa Hispania, jambo lililozua mfano mzuri wa jinsi ulinganisho huu unavyoweza kuwatatiza hata wenye ujuzi. Katika miaka ya 1960, teleka wenye kiuno cheupe waligunduliwa katika mkoa wa Cádiz, na kwanza ilitangazwa kwamba ni teleka wadogo. Kabla ya muongo huo kwisha ilithibitika kwamba ni Apus caffer, nao walikuwa wakizalia katika viota vya mbayuwayu kiuno-chekundu. Teleka mdogo halisi alianza kuzaa katika mkoa huohuo miongo kadhaa baadaye. Ndege wa kwanza walikuwa mahali ambapo hakuna aliyewatarajia, na spishi iliyokuwa ikijulikana zaidi ng'ambo ya bahari ndiyo iliyopewa nafasi ya kwanza akilini mwa watazamaji. Mkia uliofumbwa ulifanya mengine.

Teleka wa tatu

Anayetazama karibu na kingo za mito, machimbo ya mchanga au makorongo hana budi kumkumbuka teleka wa Horus, Apus horus, ambaye hukaa katikati ya hawa wawili kwa namna ya kuudhi. Kiuno chake ni kipana na hushuka ubavuni kama cha teleka mdogo, lakini mkia wake una panda, ingawa ni fupi kuliko ya teleka kiuno-cheupe. Koo lake jeupe pia ni kubwa zaidi. Huzaa ndani ya mashimo yaliyochimbwa na keremkerem na ndege wengine katika kingo za udongo au mchanga, tabia ambayo haimhusu teleka mdogo wala teleka kiuno-cheupe. Kwa hiyo kiuno kipana pamoja na panda fupi, hasa ndege akiwa anaingia shimoni ukingoni mwa mto, ni sababu ya kutosha ya kuacha kabisa majina mawili ya kwanza.

Kuamua na kuandika

Katika kupima ushahidi, mimi huupa mkia nafasi ya kwanza kwa sababu hauhitaji mwanga mzuri: kivuli cheusi angani kinatosha kuonyesha kama mwisho ni butu au umechongoka. Kiuno hufuata, kikionekana kutoka zaidi ya upande mmoja. Kiota, kikipatikana, kinaweza kupita vyote viwili kwa uzito, lakini si kila siku mtu hupata kiota. Umbo, mwendo na sauti huja mwisho, si kwa sababu hazina ukweli, bali kwa sababu hubadilika na masikio na macho ya anayezipima.

Kundi mchanganyiko lisihesabiwe kama spishi moja kwa kumtambua ndege mmoja. Ni afadhali kuhesabu mikia butu, kuhesabu mikia iliyochongoka, na kuwaacha wengine bila jina. Ndege aliyepita kwa sekunde mbili dhidi ya wingu angavu, mkia ukiwa haukuonekana vizuri na kiuno kikiwa upande wa pili, aandikwe kuwa teleka wa jenasi Apus mwenye koo jeupe, pamoja na mahali, saa na kile hasa kilichoonekana, ili yule atakayefika hapo baadaye ajue kwamba kuna kiota au kundi la kutafutwa.